Kopo la Poda Halinyanyui Chuma

Msyuuu! Jamani, hivi nani kawaambia vijana wetu kwamba misuli inauzwa dukani? Kijana kutwa yuko juu ya bodaboda, jua lake, vumbi lake, halafu pesa ya wiki nzima anaimalizia kwenye kopo la poda. Nyumbani mama anauliza ya unga, hamna. Hili linaniuma, na leo lazima tulizungumze.

Tuanze na hesabu. Mtu mzima asiyefanya mazoezi mazito anashauriwa kupata protini gramu 0.8 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Anayenyanyua vyuma anahitaji zaidi, hilo halina ubishi. Lakini zaidi kiasi gani? Mwaka 2018 watafiti walikusanya tafiti 49 zenye washiriki zaidi ya 1,800, wakaona kwamba ukishafika takriban gramu 1.6 kwa kilo, kwa wastani kinachozidi hapo hakiongezi misuli. Basi kijana wa kilo 65 anatafuta gramu 104. Siyo 200, siyo 300 kama wanavyodanganyana huko gym.

Sasa twende gengeni. Asubuhi mayai matatu ya kuchemsha, gramu 18. Glasi ya maziwa, 8. Mchana wali na kikombe kizima cha maharage, na maharage peke yake yana kama 15. Jioni ugali na dagaa: gramu 50 za dagaa wakavu zinakupa zaidi ya 25. Tafuna karanga nusu robo ya kilo, usipungukiwe na 25 nyingine. Wali na ugali navyo vina chao, tena si haba. Jumlisha mwenyewe, gramu 100 hizo umeshazivuka, na hujagusa kopo la mtu.

Atatokea mjuaji aseme maharage ni chakula cha shule, hayajengi mwili. Aa! Maharage yana laisini kwa wingi, kile kijenzi cha protini ambacho mchele na mahindi vinapungukiwa nacho. Ukivila pamoja vinakamilishana. Bibi zetu walipika hivyo miaka yote.

Na huyu anayepasua mayai mabichi kwenye glasi, anafumba macho, anameza! Mdogo wangu, nani kakufundisha? Yai bichi mwili unafaidi karibu nusu tu ya protini yake. Likiiva unafaidi takriban asilimia 90. Chemsha yai, acha kujitesa, na matumbo ya kuhara utayaepuka.

Sisemi poda ni sumu. Nyingi zinatokana na maziwa, na kijiko chake kimoja kikubwa kina kama gramu 20 hadi 25, sawa na mayai manne. Mwenye uwezo na haraka zake anywe. Ila ile inayopimwa kwenye mfuko wa nailoni, haina nembo wala anwani ya mtengenezaji, usiitie mdomoni. Na mwenye matatizo ya figo asiongeze protini kabla ya kumwona daktari.

Tena protini bila kazi ni tofali bila fundi. Nendeni mkaone gym zetu za uani: makopo ya rangi yamemiminwa zege, yamechomekwa bomba katikati, na vijana wanatoka pale vifua vimejaa. Kinachowajenga ni kunyanyua kwa mpangilio, uzito ukipanda kidogo kidogo, kisha kula na kulala. Wewe unakesha na simu hadi saa nane za usiku, asubuhi unalalamika poda haifanyi kazi. Itafanyaje?

Wengine wanashinda na chai kavu hadi jioni, halafu usiku wanabugia nyama nusu kilo kwa mkupuo. Gawanyeni jamani. Gramu 20 hadi 30 kila mlo, mara tatu au nne kwa siku, misuli inapata chakula chake kutwa nzima.

Kwa hiyo wanangu, nawasihi. Pima uzito wako, zidisha mara 1.6, kisha nenda sokoni na hesabu hiyo. Nunua dagaa, maharage, mayai na karanga, na chenji inayobaki mpelekee mama ya unga.