Harusi ya Mjusi wa Kimboza



 Mjomba, kwenye simu kutoka Matombo umeniuliza tena nitaoa lini. Nivumilie kidogo: kuna harusi nyingine naisimamia, na bibi harusi asili yake ni kwetu.

Mwenye nyumba wangu huku Berlin, mzee mstaafu asiyetaka kusikia hata kijiko kikigonga sahani baada ya saa nne usiku, anafuga mijusi. Sebuleni kuna sanduku la kioo lililosimama wima, na ndani wanaishi wawili, kila mmoja hazidi urefu wa kidole. Dume ni buluu inayowaka, koo lina michirizi myeusi. Jike ni kijani kinachoelekea shaba. Ni wale wale wa msitu wa Kimboza, Mjomba, wanaokaa kwenye majani ya mikadi! Arthur Loveridge aliwaandika vitabuni mwaka 1952 kwa jina la Lygodactylus williamsi, na porini hawapatikani popote duniani ila Kimboza na vipande vichache vya misitu jirani. Hawa wetu wamezaliwa Ulaya, Kiluguru hawajui. Na mji ni huu huu wenye mifupa ya dinosaria, yule mjusi mkubwa wa Tendaguru, aliyechimbwa kule Lindi kuanzia 1909. Mjerumani akishaonja mjusi mmoja, haachi.

Shida ilikuwa uzazi. Wawili walikaa miezi wakitazamana kama mashahidi wa kesi tofauti. Mzee akaamua kuwaletea majira. Desemba aliwapunguzia joto na saa za taa. Februari, theluji ikiwa bado nje, akapandisha joto la mchana hadi nyuzi 28, na chini ya taa likapita 30, kisha akaanza kuwanyunyizia maji asubuhi na jioni ili waamini masika yameingia. Sisi binadamu tumevaa sweta na soksi mbili mbili humu humu ndani, maana gesi ni ghali. Wao wanakula joto la Morogoro.

Chakula nacho kina itifaki. Huku inzi wadogo wa matunda wananunuliwa, Mjomba, kwa kopo, tena wale wasioweza kuruka. Kabla ya kuliwa wanatikiswa kwenye unga wa kalsiamu mpaka wanakuwa weupe tupu. Jike anaihitaji kwa maganda ya mayai, na akiba yake huiweka shingoni, katika vifuko viwili vyeupe vinavyoonekana kwa nje. Kila asubuhi mzee huvaa miwani, akavikagua, akaandika daftarini.

Mvua ilipokolea, dume akaanza vituko. Akatikisa kichwa, akatunisha koo, akajigeuza ubavu ili buluu yote ionekane. Jike akamfukuza hadi chini ya sanduku. Nikataka kumshauri dume atume mshenga, lakini mzee alinikataza kusogea: wakisumbuliwa hawazai. Tukawa tunakunywa chai jikoni, tumesimama, tumewaachia sebule.

Basi wamekubaliana! Ndani ya kipande cha mwanzi kumeonekana mayai mawili, madogo kuliko mbaazi, yamegandishwa ukutani. Ukiyabandua yanavunjika, kwa hiyo tumeyaacha hapo hapo na kuyafunika kwa kikombe chenye matundu, maana wazazi hawa wanaweza kula watoto wao. Yataanguliwa baada ya miezi miwili au mitatu.

Watoto hao wana makaratasi, Mjomba, kuliko mimi na viza yangu. Kila atakayezaliwa lazima aripotiwe idara ya mazingira, na wazazi wake watajwe. Sababu ni yale mliyoyaona huko: kati ya 2004 na 2009 kundi moja tu la wakamataji linakadiriwa kuchukua zaidi ya 30,000 pale Kimboza, na mikadi ikakatwa ili wafikiwe. Tangu 2017 biashara ya kimataifa ya waliokamatwa porini imepigwa marufuku. Kwa hiyo ukimwona mtu na panga akiuzunguka mkadi, piga kelele. Huko joto na mvua ni bure, na hakuna anayeandika daftari.

Mzee alipokuwa akijiandaa na fomu, nikamweleza kwa heshima kwamba kwetu Uluguruni mtoto ni wa ukoo wa mama, na mwenye sauti juu yake ni mjomba. Bibi harusi ni wa Kimboza, kwa hiyo watoto ni wetu, na mahari bado hatujaiona. Nilitegemea atanipunguzia kodi. Akasikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa kukubali, akasema desturi hiyo ni nzuri sana. Kisha akanikabidhi kopo la inzi, unga wa kalsiamu na zamu ya saa kumi na mbili asubuhi.

Msalimie Mama na wote wanaoniulizia.

Mpwao, mjomba mtarajiwa,
Berlin