Bei Ni Maelewano

Bei, kama inavyoelezwa katika vitabu vya uchumi, ni kiasi cha fedha anachotoa mnunuzi ili apewe bidhaa. Lakini katika biashara ya kumbukumbu jijini Nairobi, yaani vinyago, shanga, vikapu, shuka na vitu vingine ambavyo msafiri huvibeba ili kuwathibitishia watu wa kwao kwamba kweli alisafiri, bei ni maoni ya muuzaji juu ya mnunuzi, nayo hutolewa baada ya uchunguzi mfupi unaoanzia kwenye viatu, ukapanda hadi kwenye saa ya mkononi, ukamalizikia kwenye lafudhi. Bidhaa yenyewe haina mchango mkubwa. Kiboko wa jiwe la Kisii aliyeamkia shilingi 300 anaweza kuikuta adhuhuri akiwa na thamani ya 2,500, bila ya kuongezeka hata gramu moja, kisha jioni, mawingu yanapotanda na turubai zinapoanza kukunjwa, akateremka hadi 250 bila kinyongo.

Uwanja mkuu wa uchunguzi huo ni Soko la Maasai, ambalo, licha ya kuitwa soko, si mahali bali ni ratiba. Kwa miaka mingi wauzaji wake wamekuwa wakihama na siku za juma, Jumanne wakitandaza karibu na Barabara ya Kijabe, Ijumaa Village Market kule Gigiri, Jumamosi kwenye maegesho ya magari ya Mahakama Kuu katikati ya jiji, na Jumapili Yaya Centre, mahali ambapo mitaa ya magharibi ya jiji huanza kujihisi imetajirika. Na asiyeijua ratiba hukuta magari pale alipoambiwa atakuta vinyago. Jina nalo lina utata wake, kwa kuwa mgeni anayetarajia kuwakuta Wamaasai watupu hugundua kwamba kabila hilo limetoa jina na shuka, na mengine yametoka kwingine. Vinyago vya mbao ni kazi ya Wakamba, hasa wa Wamunyu katika Machakos, ambako ufundi huo uliletwa na Mutisya wa Munge baada ya kuuona na kujifunza Tanganyika alipokuwa huko wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Mawe laini huchimbwa na kuchongwa na Wagusii wa Tabaka. Michoro ya chui wenye macho makubwa ni ya mtindo aliouanzisha Edward Saidi Tingatinga jijini Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960. Shanga za kioo, ambazo ndizo sura yenyewe ya Umaasai katika picha za kalenda, zilifika Afrika Mashariki kwa vizazi kadhaa kutoka Venice na Bohemia, kwa hiyo mtalii wa Prague anayeondoka na mkufu wa kienyeji huenda anairudisha mali kwao, tena kwa nauli yake mwenyewe.

Kwa asiyependa kufuata ratiba lipo Soko la Jiji katika Mtaa wa Muindi Mbingu, lenye maua mbele, nyama kando na vinyago ndani, na ni haki kusema kwamba hakuna mtaa wa Nairobi unaostahili zaidi kubeba biashara ya kubishania bei. Muindi Mbingu ndiye aliyewaongoza maelfu ya Wakamba hadi Nairobi mwaka 1938, serikali ya kikoloni ilipowalazimisha kupunguza mifugo yao na kuwanadi ng'ombe hao kwa bei ya kutupa, wakapiga kambi jijini wakidai kuonana na Gavana. Yeye mwenyewe alikamatwa na kupelekwa kizuizini Lamu, lakini uuzaji wa lazima uliachwa. Haya yakitazamwa kwa jicho la kibiashara, ndiyo mapatano ya bei makubwa zaidi kuwahi kufanyika katika jiji hili, na mwenye kuyaanzisha alilipia kwa uhuru wake. Wanaolalamika leo kwamba kupatana bei ya bangili kunachosha wangefaa kusoma kibao cha mtaa kabla ya kuingia ndani.

Mapatano huanza kwa cheo, wala hapa cheo si adabu tupu, ni sehemu ya hesabu. Mwanamume anayeitwa "mzee" amesalimika, kwa sababu neno hilo humaanisha kwamba muuzaji ameshaona soli za viatu vyake. "Kastoma" ni cheo cha katikati, kisicho na hatari wala faida. "Bosi" huongeza mia kadhaa, na "mkubwa" huongeza zaidi kwa kuwa hutamkwa pamoja na kupanguziwa kiti. Kwa wanawake, "mama" ni heshima na ahueni, "madam" ni onyo, na "sista" humwangukia yule ambaye bado hajaainishwa. Mgeni mweupe hahitaji cheo, kwa maana "bei ya mzungu" imekaa tayari inamngoja, mkabala na "bei ya mwananchi" ambayo kila Mkenya huidai kama haki ya kuzaliwa. Kati ya hizo mbili kuna bei ya tatu isiyotangazwa, ya Mkenya aliyerudi likizo ya Agosti au Desemba kutoka majuu, yaani Ulaya na Marekani, ambaye hujitambulisha bila kujua kwa kubeba chupa ya maji kila aendako na kusema "asante" kabla hajapewa chochote.

Baada ya cheo huja tarakimu, na hapa mwenyeji hujiona ana silaha ambayo mgeni hana, kwa kuwa fedha za Nairobi zina majina ya mtaani: mia moja ni "soo", hamsini ni "finje", elfu ni "ngiri" au "thao", na noti ya mia tano iliitwa "jirongo" kwa jina la mwanasiasa Cyrus Jirongo, aliyeongoza kikundi cha vijana cha kukipigia debe chama cha KANU katika uchaguzi wa 1992, noti hizo zilipomwagika kama mvua. Mnunuzi anayesema "nina jirongo" anadhani amejitangaza mzaliwa wa mji. Kwa kweli amejitangazia umri, na muuzaji kijana, aliyezaliwa baada ya uchaguzi huo, humwona kuwa ni mtu aliyekwisha kusomesha watoto na sasa ana nafasi ya kununua tembo.

Ni katika mazingira hayo ambapo mwandishi wa insha hii, mkazi wa magharibi mwa jiji na mtu aliyejihesabu kuwa mjuzi wa mambo haya, alipewa Desemba moja jukumu la kumsindikiza shemeji yake, mke wa kaka yake anayeishi Minnesota, kwenda kununua zawadi za kurudi nazo, kwa hoja kwamba mwanamke huyo amekaa ng'ambo miaka kumi na moja na angeibiwa mchana kweupe. Mgeni njoo, wahenga walisema, mwenyeji apone; hawakufafanua mwenyeji atapona nini. Mwandishi alimpa shemeji masharti mawili, kwamba asitabasamu na asifungue kinywa, na yeye mwenyewe akajivika nguo za kuficha hadhi: suruali iliyopauka, ndara, na fulana kuukuu. Hakukumbuka kwamba fulana ile aligawiwa katika semina iliyofanyika hotelini Naivasha, na kwamba mgongoni imeandikwa mada ya semina kwa herufi kubwa. Mtu aliyehudhuria semina Naivasha, kwa mujibu wa elimu ya sokoni, ni mtu anayelipwa marupurupu ya kulala nje ya kwake, na hadhi ya namna hiyo haifichiki kwa ndara. Kabla hajamaliza hatua tano ndani ya soko alikuwa ameshaitwa "mkubwa".

Aliyemwita hakuwa na bidhaa. Alikuwa broka, na neno hili linahitaji ufafanuzi: broka ni mtu asiye na meza wala turubai, mwenye kikapu kitupu mkononi, anayempokea mnunuzi langoni na kumwambia achague chochote kutoka kwa yeyote, akitumbukize kikapuni, na bei itazungumzwa mwishoni kwa jumla, kama ndugu. Ubora wa mpango huu ni kwamba mnunuzi hasumbuliwi na hesabu njiani. Ubaya wake ni huo huo. Mwandishi, aliyefurahia kuepushwa na kelele, alitumbukiza bangili za mfupa wa ng'ombe, mikufu miwili, kiondo, bakuli la jiwe, na hatimaye twiga mweusi wa urefu wa mtoto wa shule ya chekechea, aliyeelezwa kuwa ni mpingo halisi. Na jumla ilipotajwa, ikiwa ni fedha ya kodi ya nyumba ya mwezi mzima kwa mtu wa kawaida wa mtaa wa Kawangware, ndipo alipotambua kwamba kikapu ni chombo cha kumzuia mtu asirudi nyuma. Kurudisha kitu kimoja kimoja kwa wenyewe, mbele ya watu wanaotazama, ni kazi ambayo fahari ya mwanamume haiwezi kuikamilisha.

Alijaribu hila zote zinazojulikana. Ya kwanza, kudai kwamba hana fedha taslimu, imekufa tangu M-Pesa, huduma ya kutuma fedha kwa simu, ilipoanza mwaka 2007, na ilizikwa rasmi ilipokuja Fuliza, mkopo unaomwezesha mtu kulipa hata fedha ambazo hana. Broka alimtajia zote mbili kwa upole, pamoja na nambari. Ya pili, ambayo vitabu vya wasafiri huisifu sana, ni kuondoka polepole ili muuzaji amwite mnunuzi arudi kwa bei ya chini. Mwandishi aliondoka. Alihesabu hatua saba, kumi, kumi na tano, akasimama kutazama vikoi asivyovihitaji, akafunga kamba za ndara zisizo na kamba, akafika langoni. Hakuitwa. Aliporudi, kwa kisingizio kwamba amesahau mwavuli, broka alimkaribisha kwa furaha isiyo na kejeli hata kidogo, jambo ambalo lilikuwa zito kuliko kejeli, na akapunguza mia mbili kwa sababu ya udugu. Mwandishi alilipa.

Shemeji, wakati huo wote, hakuwa amefungua kinywa mbele ya mwandishi, kama alivyoamriwa. Lakini masharti hayakusema lolote kuhusu nyuma yake. Mwanamke huyo alizaliwa Machakos na kukulia kwenye soko la mitumba la Gikomba, mahali ambapo mtoto hujifunza kuuliza bei kabla ya kujifunza kusoma, na alipoachwa peke yake alimkuta mchongaji mmoja mzee amekaa pembeni na turubai lake, akamsalimu kwa Kikamba, akamuuliza anatoka wapi, wakahesabu kwa vidole watu wa ukoo wanaofahamika pande zote mbili, wakawataja waliofariki na kuwasikitikia. Bei haikutajwa kwa karibu robo saa. Ilipotajwa, ilitajwa na mzee mwenyewe, naye aliitaja kana kwamba anaionea haya. Shemeji alipata twiga wa kimo kile kile, msafi zaidi wa kiuno, kwa kiasi ambacho insha hii haitakiandika, kwa sababu mwandishi ana watoto na huenda siku moja wakaisoma.

Mvua ilinyesha wakati wa kutoka. Mpingo, ambao ni mti mzito wa kiini cheusi, hauna tabia ya kuchuja rangi. Twiga wa mwandishi alichuja, kwanza kwenye fulana ya Naivasha na kisha kwenye kiti cha matatu, na chini ya kiwi nyeusi, yaani dawa ile ile ya viatu, kikatokea kiini cheupe cha mjakaranda. Si ajabu kubwa, kwa kuwa muhugu, mti uliotegemewa na wachongaji kwa miaka mingi, umekatwa hadi ukaadimika, na mjakaranda, mti wenye asili ya Amerika ya Kusini uliopandwa kandokando ya barabara za Nairobi, ndio unaopatikana kwa urahisi. Ila ni vigumu kumweleza mtu kwamba amelipa bei ya mzungu ili anunue kipande cha mti anaopita chini yake kila asubuhi akienda kazini, ambao mwezi wa Oktoba humwangushia maua kichwani bila malipo. Kondakta naye aliangalia shingo ya mnyama ikiwa imekalia nafasi ya abiria karibu na dirisha, akadai nauli ya watu watatu. Mwandishi, akiwa amechoka na elimu yote, alifungua kinywa kupatana. Shemeji alimzuia kwa mkono, akamwita kondakta "mwanangu", na nauli ikawa ya wawili.

Twiga wa shemeji yuko Minnesota, na inasemekana wageni humsifu. Wa mwandishi alipata ufa mrefu tumboni kabla ya Pasaka, kama ulivyo mjakaranda usiokauka vizuri, na sasa husimama nyuma ya mlango wa sebule kuuzuia usijifunge kwa upepo, kazi anayoifanya kwa uaminifu licha ya mguu mmoja kuwa mfupi kidogo. Msomaji anayemhitaji anakaribishwa Kawangware siku yoyote isipokuwa Jumapili. Kuangalia ni bure, na bei ni maelewano.