Sifa za Ufa wa Jiko Langu

Wahenga walituambia kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, na tangu siku hiyo ufa haujapata mtetezi. Mimi nimekaa na ufa mwaka wa pili sasa, ndani ya jiko la makaa, kwenye ule udongo wa ndani unaoshika moto. Nimeutazama asubuhi nikichemsha chai na usiku nikisonga ugali. Nadhani nina haki ya kusema neno kwa niaba yake.

Kwanza tuheshimu ukoo wake. Nchi hii ina bonde lenye maziwa, flamingo, volkano na chemchemi za maji moto, lakini walipotafuta jina hawakuchagua hata kimoja katika hivyo. Waliliita Bonde la Ufa, na kwa miaka mingi mkoa mzima ukabeba jina hilo. Watalii husimamisha magari kando ya barabara ya kwenda Naivasha, wanapigwa na upepo, wananunua kofia za ngozi ya kondoo, wanapiga picha ufa. Machi 2018, barabara ya Mai Mahiu kwenda Narok ilipokatika baada ya mvua kubwa, wanahabari walikuja kutoka mbali, na wanajiolojia wakabishana kama Afrika inapasuka vipande viwili au ni maji tu yaliyochimba chini kwa chini. Ufa wangu ni wa ukoo huohuo, na haujapata hata mtalii mmoja.

Na tukija kwenye bidii, bonde lenyewe litaona haya. Pande mbili za ardhi huachana milimita chache tu kwa mwaka. Ufa wangu nimeupima kwa rula ya mtoto wa shule, kila sikukuu, kwa kuwa sikukuu ndiyo siku ya chapati na jiko hufanya kazi kutwa. Mwaka Mpya ulikuwa kama unywele, umeanzia chini ya figa la kushoto. Pasaka ulikuwa milimita mbili. Madaraka ulikuwa umefika chini kwenye matundu ya kupitishia majivu, na moto ukawa unanichungulia. Kufikia Jamhuri uliweza kumeza sarafu ya shilingi tano iliyosimama wima, na kweli ikamezwa, maana nilikuwa nikihakikisha kipimo. Haya yote yametendeka bila zabuni, bila kamati, bila diwani hata mmoja kwenda ziara ya mafunzo ng'ambo kuona wenzetu wanavyopasuka. Haukuomba nyongeza ya bajeti. Jumapili ulifanya kazi. Ni mradi pekee ninaoujua nchini uliokwenda mbele ya ratiba.

Una fadhila nyingine, ndogo ndogo. Unapasha miguu joto Julai. Umenitafutia undugu: mama anayeniuzia makaa sasa ananiita mkwe, na mkebe wa makaa uliokuwa ukinitosha siku mbili sasa huisha siku hiyohiyo.

Kwa asiyejua, kazi ya ule udongo ni kuzuia joto lisitoroke kupitia bati, ili makaa machache yafanye kazi ya mengi. Wazo lilitoka kwa majiko ya ndoo ya Thailand, likashika kasi hapa baada ya mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu nishati uliofanyika Nairobi mwaka 1981. Ya Thailand hujaa udongo hadi chini. Huku kwetu bati lilibanwa kiuno, udongo ukawekwa nusu ya juu tu, ukashikizwa kwa saruji iliyochanganywa na vamikulaiti, jiko likawa jepesi na la bei nafuu. Ni kazi ya akili, nami naivulia kofia. Lakini bati likipata moto hutanuka kwa namna yake na udongo kwa namna yake, na mwenye nyumba akinyunyizia makaa maji ili ayatumie kesho, udongo hupasuka. Halafu kuna mkono wa kusonga ugali. Hapo mshtakiwa ni mimi.

Basi nikaenda Kamukunji, kwa mafundi wa majiko, kutafuta udongo mwingine. Nililibeba jiko kwenye matatu, na kondakta akalitoza nauli kama abiria.

"Mzee, hiyo haiuzwi pekee," fundi wa kwanza akaniambia. "Chukua jiko zima."

Wa pili alikuwa na udongo. Tulijaribu kuutia, ukakataa kwa upana wa kidole. Nikamwomba wa saizi ya jiko langu. Akacheka, si kwa ubaya. "Mzee wangu, bati tunakata kwa macho. Hakuna jiko linafanana na lingine." Wa tatu alinielekeza kwa mfinyanzi. Mfinyanzi huuza hamsini kwa pamoja.

Hapa naomba niache mzaha kidogo. Zaidi ya miaka arobaini! Jiko hili limekwenda nchi za mbali, limeandikiwa vitabu, watu wamepata shahada kwa kulichunguza, na sijasikia aliyeketi nusu saa akasema: jamani, tukubaliane upana wa shimo. Fundi simlaumu, yeye anakula kwa jiko jipya, si kwa kiraka.

Langu sikulinunua dukani. Nililipata kwenye uzinduzi, uwanjani kwa chifu, kwa nusu bei. Kulikuwa na hema, fulana, maji ya chupa, na wageni wanne waliosoma hotuba ileile. Jiko lilibandikwa karatasi yenye nambari, tukaambiwa tusiibandue. Baadaye nikaelewa. Jiko likishuka kwenye lori linahesabiwa, moshi ambao inasemekana halitautoa unapigiwa hesabu ya tani, na tani zinauzwa ng'ambo kwa watu wenye moshi wao. Watafiti wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley walichunguza miradi kadhaa ya aina hii, na mwaka 2024 wakachapisha kwamba hesabu zake zilikuwa zimekuzwa takriban mara tisa. Mara tisa! Ufa wangu, pamoja na bidii yake yote, haujathubutu kiasi hicho.

Mwezi uliopita alikuja msichana mwenye adabu, amevaa fulana ya mradi, na kompyuta ndogo ya mkononi.

"Shikamoo, mzee. Lile jiko bado linatumika?"

"Marahaba. Linatumika, lakini lina ufa."

Akateremsha ukurasa kwa kidole, akaupandisha. "Hapa hakuna mahali pa ufa. Kuna 'linatumika' na 'halitumiki'."

Nikamwambia linatumika; githeri ilikuwa juu yake ikitokota. Akashukuru, akachuchumaa, akaomba kitambaa ili asiungue. Akalizungusha jiko taratibu mpaka karatasi yenye nambari ikamtazama, ufa ukaelekea ukutani, akapiga picha.