Nioneshe Sheria, Nikupe Buku Mbili

Msyuuu! Kahawa haijapoa, jamaa keshatokea na kidaftari chake. Buku mbili kila meza ya biashara, eti ushuru wa usafi. Risiti? "Italetwa." Namba ya malipo? "Mtandao unasumbua." Na sisi wa Pugu, watu wazima na ndevu zetu, tunaingiza mikono mifukoni.

Kinachoniudhi ni hiki. Ukinunua umeme, LUKU ikikata ile 1,500 ya kodi ya jengo, kijiwe kizima kinasonya mpaka jioni. Mpangaji ndiye analia zaidi, na ana haki, nyumba si yake. Lakini ile, pamoja na uchungu wake, ilipita bungeni, wabunge wetu wakagonga meza. Ya huyu mwenye kidaftari imepita wapi? Tunalipa kimya, tena tunamwita kiongozi!

Katiba, ibara ya 138, haina mafumbo: hakuna kodi ya aina yoyote kutozwa ila kwa sheria iliyotungwa na Bunge, au kwa utaratibu uliotiwa nguvu na sheria hiyo. Ndiyo maana hata halmashauri ikitaka ushuru, lazima iwe na sheria ndogo. Si mtu kuamka tu na kalamu.

Mpare wa hapa kijiweni hucheka akitusikia. Kwao Same, Januari 1945, wanaume kwa maelfu walishuka milimani wakapiga kambi makao makuu ya wilaya. Walisema: kodi ya kichwa tunalipa, ila hii mbiru, ya kukadiriana kwa kuchunguliana mali, hatuitaki. Baadaye na wanawake wakaingia. Mkoloni alinuna, akatisha, lakini mwishowe mbiru ikaondolewa. Na ile angalau ilikuwa na serikali nyuma yake, ya kikoloni lakini serikali. Huyu wetu hana hata muhuri!

Leo mama wa vitumbua kamjibu bila kuinua macho kwenye chuma chake: "Mwanangu, nioneshe hiyo sheria ndogo, unipe na namba ya malipo, nalipa kwa simu sasa hivi." Kijana kafunga daftari, kavuka barabara kwenda kwa bodaboda. Hata salamu hajamaliza, wa kwanza keshatoa noti. Nyoo!