Shajara ya Msitu wa Ngangao

Jumatatu. Matatu ya Wundanyi imekaa sana stendi ya Voi ikingoja abiria ambaye hakutokea. Voi jua kali. Baada ya Mwatate, tulipoanza kupanda, abiria wakafunga madirisha mmoja mmoja. Wundanyi mvua. Begi lenye daftari la kikundi lilikuwa juu ya keria. Tumelianika jikoni kwa mama mwenyeji wetu, karibu na mafiga.

Jumanne. Tumeingia Ngangao, msitu wa hekta 120 hivi. Kazi yetu sisi wa kujitolea ni kuhesabu Rawsonia lucida, mti wa kivulini ambao viwavi wa Cymothoe teita hula majani yake. Kipepeo huyo alielezwa kisayansi na van Someren mwaka 1939, na hapatikani popote duniani isipokuwa vilima hivi vya Taita. Mti ukiisha, naye amekwisha. Tepu ya kupimia imekatika asubuhi. Siafu wametuhamisha mara mbili.

Jumatano. Ukungu mzito. Chini ya miti simu haikushika setilaiti. Ramani ikasema tuko sokoni Werugha. Tumefunga lebo za karatasi kwenye miche. Jani la Rawsonia ni gumu, linang'aa, na ukingoni lina meno makali kiasi cha kutoboa glavu yangu. Moja lilikuwa limeliwa upande mmoja hadi kwenye mshipa wa kati, na juu ya jani la chini yake kuna punje nyeusi za kinyesi cha kiwavi. Mwenyewe hatukumwona. Nilifurahi mno hata hivyo.

Alhamisi. Mbuzi wamekula lebo zote za ukingoni mwa msitu. Mwenye mbuzi, mzee wa makamo ya baba yangu, ametuletea chai ya pole. "Mwanangu, mti huu unauzwa?" Nikamwambia, "Hauuzwi, mzee." Akanionyesha mikaratusi yake: hiyo ndiyo iliyolipa karo. Sina la kumlaumu. Lakini misitu ya Ngangao, Chawia na Mbololo imebaki vipande vilivyotengwa na mashamba, na ndani ya vipande hivyo hivyo pana misonobari na mikaratusi iliyopandwa, ambayo kiwavi huyu hawezi kuila.

Ijumaa. Bodaboda imepasuka gurudumu, tukapanda kwa miguu. Kwenye kijito tumekuta miche ya Rawsonia imekatwa fito, visiki vyake bado vibichi. Miti mikubwa imeachwa, na hapo ndipo wengi hudhani hakuna kilichoharibika. Mti mkubwa una siku yake ya kuanguka. Mrithi wake ndiye aliyefanywa ukuta wa banda.

Ninyi mnaopakana na misitu hii, mkienda kukata fito tazameni jani kwanza. Lenye meno ukingoni, liacheni.