Tai wa Watu Wote

Hongera bosi kwa nembo mpya. Tai amekaa vizuri, jicho kali, mabawa yamekunjuliwa juu ya jina la kampuni. Tatizo ni kwamba tai huyohuyo yupo kwa muuza matairi, yupo shule ya udereva, na yupo nyuma ya basi la mikoani, kapakwa kijani ili asijulikane. Wako angalau ana upekee wake: ukilisogelea lile bango kubwa, kwenye bawa la kushoto bado yanasomeka kwa mbali maandishi hafifu ya wenye picha, yale wanayoyaweka mpaka ulipie.

“Lakini fundi nimemlipa!” Fundi ndiyo. Mwenye tai je? Na hata angelipwa, masharti ya Shutterstock, wauza picha wa mtandaoni, hayamumunyi maneno: picha yao isitumike kama nembo wala alama ya biashara, na leseni ya bei ya juu hailegezi kitu hapo. Canva nao ni hivyohivyo kwa michoro ya maktaba yao. Wanakuachia mistari, maumbo ya kawaida na herufi. Si roho mbaya. Alama ya biashara ni ya mmoja, picha ile huuzwa kwa yeyote mwenye kadi ya benki.

Sasa nasikia unakwenda BRELA kumsajili tai kama alama yako ya biashara, kisha uwashitaki wanaokuiga. Haya. Anza na shule ya udereva, ila uliza kwanza bango lao lilitundikwa lini.