Hotuba Rasmi Juu ya Mwaka Uliogongwa Kwenye Chuma

Waheshimiwa mnaotafuna njugu hapa Bustani ya Jeevanjee, nanyi mnaojifanya mnapita tu kuelekea Moi Avenue, tulieni. Aliyesimama mbele yenu ni Profesa wa Mihuri ya Bastola Kuukuu za Polisi wa Ujerumani, cheo nilichojitunuku mwenyewe kwa kukosa mshindani. Bastola yenyewe sikuibeba, maana sheria ya silaha ya Kenya haitambui uprofesa wa aina hii. Hoja yangu ni moja: mwaka uliogongwa kwenye chuma ni kauli ya mwenye mali tu; maisha ya kitu yamo kwenye matengenezo yake.

Chukueni bastola ya Luger P08, iliyoingia jeshi la Ujerumani mwaka 1908. Juu ya chemba ya risasi kiwanda kiligonga mwaka, tuseme 1917. Kumbe juu ya 1917 hiyo ipo 1920 pia! Mwanagenzi ataapa kwamba kiwanda kilichukua miaka mitatu kuimaliza. La hasha. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza silaha za serikali zilikuwa zimezagaa mikononi mwa raia, ndipo zile halali za jeshi na polisi zikagongwa 1920 kama alama ya mali ya dola. Alama hiyo yajibu "ya nani?", nanyi mnaisoma kana kwamba yajibu "ya lini?" Sasa tazameni ubavu wa kushoto, juu ya bamba linalofunika mtambo wa kufyatulia. Mkiona utepe mwembamba wa chuma ulioongezwa, hiyo ni kinga iliyofungwa na mafundi kwenye bastola za polisi mwanzoni mwa miaka ya 1930, kwa kuwa Luger iliyofunguliwa ili isafishwe iliweza kufyatua risasi iliyosahauliwa ndani. Utepe haukuandikwa mwaka wowote, lakini unatuambia lililo kubwa zaidi: silaha hii ilikuwa bado kazini, na kazi yenyewe ilikuwa ya polisi.

Namwona mjuaji pale nyuma akinong'ona kwamba kitu kilichotengenezwa kimeshuka thamani, na kwamba safi ni kile kisichoguswa. Ndugu yangu, nyundo ikigonga muhuri, chuma huinuka kidogo kuzunguka tarakimu. Anayeisugua bastola na kuipaka rangi upya huufuta ukingo huo, tarakimu zikabaki butu. Kwa hiyo inayong'aa kupita kiasi ndiyo ya kutiliwa shaka. Hata vipande vidogo hubeba tarakimu mbili za mwisho za namba ya bastola. Kipande chenye namba ngeni ni spea, na spea ni ushahidi.

Mwingine anauliza haya yamhusu nini mtu wa Nairobi. Yamhusu kila aliyewahi kukanyaga Kirinyaga Road kutafuta spea za gari! Namba za magari za KDA zilianza kutolewa 2020, na wenye nazo wakatamba kuwa wana gari jipya. Namba hiyo, waheshimiwa, ni 1920 yetu: inasema gari lilisajiliwa lini hapa, basi. Kwa kuwa sheria inaruhusu gari kuukuu la hadi miaka 8 kuingia nchini, KDA ya 2020 huenda ilizaliwa Japani 2013. Vuta mkanda wa kiti hadi mwisho usome mwaka kwenye lebo yake. Kisha inama kwenye tairi: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019, maana yake tairi hili si lile lililotoka nalo kiwandani.

Basi naitangaza Kanuni Kuu, ambayo kwa unyenyekevu nimeipa jina langu. Muuzaji akikuonyesha mwaka, mwulize kiraka kiko wapi. Akikuapia kwamba hakipo, funga pochi yako: bastola iliyopiga doria miaka nenda rudi, au gari lililopita kwenye mashimo ya Nairobi, halikosi kiraka, kinachokosekana ni ukweli wa muuzaji.